Samaki Wakizaa Tangini, Tazama Kwanza

Hotuba kwa mkutano wa wafugaji wa samaki wa mapambo, wazazi na wanafunzi, katika ukumbi wa skuli hapa Mjini Unguja. Naiweka nzima kwa wale walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, walimu wenzangu, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, na nyinyi wanangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: ahsanteni kwa kuja, Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Nimeitwa kuzungumzia jambo ambalo naulizwa karibu kila wiki, na maswali yenyewe ni yale yale matatu. La kwanza: mwalimu, samaki wangu wamekuwa wakorofi ghafla, wanawafukuza wenzao. La pili: mwalimu, samaki wangu hali, koo limemvimba, nimpe dawa gani? La tatu: mwalimu, nimeamka asubuhi nikakuta vidudu vidogo vidogo vinaogelea tangini, vimetoka wapi?

Ndugu zangu, maswali haya matatu mara nyingi yana jibu moja. Samaki wako wamezaa. Hukupanga wala hukutarajia. Uliweka samaki wa kila aina ndani ya kioo kimoja upambe sebule, na humo ndani wawili wakapatana.

Sasa ufanye nini? Hilo ndilo lililonileta. Na neno langu la leo ni hili: tazama kwanza. Kabla ya dawa, tazama kwanza. Kabla ya kuchukua wavu, tazama kwanza. Kabla ya kuwamwaga mtaroni, nakuomba sana, tazama kwanza.

Ni samaki gani hao? Mara nyingi ni wa ukoo wanaouita wataalamu siklidi. Msiogope jina. Aliyekula perege au sato amekwisha kutana na ukoo huu. Tena ukoo huu ni wetu kuliko wa mtu mwingine yeyote, kwa sababu nchi yetu inagusa maziwa matatu yaliyo hazina yake kubwa duniani. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya 200, na nyingi hazipatikani penginepo popote. Na Ziwa Victoria ndilo la kustaajabisha: waliochimba tope la chini ya ziwa lile wamekuta kwamba takriban miaka 15,000 iliyopita lilikauka. Maji yaliporudi, furu, yaani siklidi wadogo wa ziwa lile, wachache walioingia wakazaana na kugawanyika hata wakafikia aina zipatazo 500. Miaka 15,000! Kwa umri wa dunia hiyo ni jana.

Lakini leo sikuja kuhesabu aina. Nataka mjue sifa moja ya siklidi, maana ndiyo inayoleta vurugu tangini. Siklidi analea. Gapi, yule samaki mdogo wa mapambo, huzaa, na akigeuka huwala wanawe mwenyewe. Tetra, mdogo mwenzake, hutawanya mayai kwenye majani akaenda zake. Siklidi hakubali. Akishazaa, ile kona ya tangi ni yake, na atakayeikaribia atapigwa, hata awe mkubwa mara mbili yake.

Nitawapa kisa cha nyumba moja ya Jang'ombe. Mzee wa nyumba ana tangi la wastani: tetra, gapi, kambare wadogo wa kusafisha chini, na kribensi wawili. Kribensi ni siklidi wa mito ya Nigeria na Kameruni, wataalamu humwita Pelvicachromis pulcher. Alinunua wadogo wadogo, hawajajulikana nani dume nani jike. Mtoto wa nyumbani akatia kifuu cha nazi kiwe pambo, kimepinduliwa, kina kijishimo ubavuni. Miezi ikapita.

Siku moja jike akaanza kubadilika tumbo. Rangi ikakoza, zambarau ikielekea wekundu, kama embe bolibo lililoiva upande mmoja. Akawa anajipinda mbele ya dume, anatetemeka mwili mzima. Kisha akapotea, haonekani hata wakati wa chakula. Na dume akageuka mwengine kabisa: tetra wote wamesukumwa kona moja karibu na pampu, kambare mmoja pezi limechanika.

Mzee akasema huyu amepandwa na wazimu, kesho namtoa. Alikuwa ameshashika wavu. Ndipo bibi mzaa mama, mtu ambaye hajawahi kufuga hata samaki mmoja, akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo na tasbihi yake, akatazama. Akatazama mpaka adhana ya Alasiri. Kisha akasema: "Huyo hana wazimu. Huyo ana watoto ndani ya kifuu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Jamani, nani alimfundisha bibi yule? Alitazama tu. Aliona kwamba dume hafukuzi ovyo, anafukuza anayekaribia kifuu, kisha anarudi mlangoni. Aliona kwamba kila baada ya muda jike anachungulia na kurudi ndani. Ukitazama vile, samaki wenyewe wanakwambia.

Na ndani ya kifuu kulikuwa na nini? Kribensi huyabandika mayai juu, kwenye dari ya pango. Jike hukaa chini yake anayapepea kwa mapezi ili maji mapya yapite. Yai lililooza jeupe analitoa kwa mdomo kabla ukungu haujaenea kwa mengine. Baada ya kama siku tatu yanaanguliwa, lakini vifaranga hawaogelei bado. Wanalala chini, mkia ukichezacheza, tumbo limejaa kiini walichotoka nacho. Wiki ikikaribia kutimia, wingu zima linatoka mlangoni, mama mbele, baba nyuma.

Hapo ndipo nawaomba mkae mtazame na watoto wenu. Mama akitingisha pezi kwa ghafla, wingu lote linashuka chini, linanyamaza, na rangi yao na ya mchanga haipambanuki. Hatari ikipita, wanainuka tena. Kifaranga akipotea njia, baba anamchukua mdomoni, anaogelea naye mpaka kwa wenzake, anamtema pale katikati. Mdomo ule ule unaowararua tetra!

Mnaniuliza, kwa nini walizaa sasa na si mwanzo? Kwanza walikuwa watoto, sasa wamekua. Pili wamepata pango. Kile kifuu kilichotiwa kiwe pambo wao wamekiona nyumba. Tatu, mwenye tangi alikuwa amebadilisha maji mengi na kuanza kuwapa chakula kizuri zaidi, na kwa samaki wa mtoni maji mapya na chakula kingi ni habari za mvua. Watu husema wamezaa kwa bahati. Mimi naona wamejibu walichopewa.

Na ukiwakuta wamezaa, waache wazazi na watoto wao. Hamisha wale wengine, au tia kioo cha kugawa katikati. Watu wengi hufanya kinyume, wanamtoa dume mkorofi, na jike anabaki peke yake kati ya tetra ishirini wenye njaa. Mayai ya mwanzo yakiliwa na wazazi wenyewe, usikate tamaa pia. Wazazi wachanga hufanya hivyo mara nyingi, na baada ya wiki chache hujaribu tena.

Ndugu zangu, hao ni wanaozaa pangoni. Wapo wanaolelea mdomoni, na hawa ndio wanaoteswa zaidi kwa kutojua kwetu.

Kijana mmoja wa Wete alikuwa na mbuna wa njano, siklidi wa mawe wa Ziwa Nyasa, pamoja na samaki wengine. Jike mmoja akaacha kula. Taya la chini likavimba, mdomo haufungiki sawasawa, akawa anajitenga nyuma ya jiwe na koo likienda kama anatafuna. Kijana akaeleza kwa simu, akaambiwa ni uvimbe, amtie dawa ya kuua bakteria. Akatia. Samaki akataabika, akatema. Vikatoka vitu vya njano vyenye macho. Kabla kijana hajafahamu anachokiona, samaki wengine walikuwa wameshamaliza.

Kijana yule hana lawama. Nani alimwambia kwamba yuko mama anayebeba wanawe mdomoni? Sasa mimi nawaambia. Mbuna jike akitaga, anageuka papo hapo na kuyazoa mayai yake mdomoni. Dume naye ana madoa kwenye pezi la chini, ya mviringo, yanayofanana na mayai. Jike anayafuata ayazoe na hayo, na akifungua mdomo pale ndipo anapopata mbegu ya dume. Mayai yanarutubishwa mdomoni. Kisha anayabeba takriban wiki tatu, na muda huo wote anakula kidogo sana au hali kabisa. Anakonda mpaka kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Subhanallah! Na hata akishawatoa, siku za mwanzo wakitishika wanakimbilia mdomoni mwake, naye anawafungulia.

Kwa hiyo ukiona jike amevimba koo, anajitenga, hali, anatafunatafuna, usikimbilie dawa. Tazama kwanza. Samaki mgonjwa hufifia rangi, huhema juu ya maji, hujikuna kwenye mawe, hukunja mapezi. Mama aliyebeba ana macho makali na anakimbia vizuri. Punguza kelele na mwanga. Ukiweza, muweke peke yake kwenye ndoo kubwa yenye hewa karibu na siku za kutoa watoto.

Ziwa Tanganyika lina kisa cha ajabu zaidi juu ya jambo hili. Huko kuna kambare mdogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus. Siklidi wanapotaga, kambare hawa hujipenyeza katikati yao na kutaga yao haraka. Mama katika pupa ya kuzoa, anazoa na ya kambare. Mayai ya kambare yanaanguliwa mapema, na vitoto vyake vinawala wenye nyumba humo humo mdomoni. Mama anabeba, anafunga njaa, siku ya kutoa anatoa kambare. Wenye kufuga kambare huyu pamoja na siklidi wameyaona haya sebuleni kwao, bila kusafiri kwenda Kigoma.

Sasa niseme machache kuhusu maji, maana vifaranga wengi wanakufa kwa maji.

Unguja kwa sehemu kubwa, na Pemba pembezoni, tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji yetu ya kisima yana chokaa. Nenda nyumbani utazame ndani ya birika, ule ukoga mweupe uliogandia. Samaki wa Tanganyika na Nyasa wanayapenda maji ya namna hiyo, na joto letu linawatosha bila hita. Ndiyo maana wanazaa kwetu kwa urahisi. Lakini kuna la kuangalia. Mkojo na kinyesi cha samaki hutoa amonia, na katika maji ya chokaa amonia hiyo inakuwa sumu kali zaidi. Vifaranga mia wanaolishwa mara nne kwa siku wanachafua maji upesi. Badilisha robo ya maji, kidogo kidogo na mara kwa mara. Maji ya bomba yenye klorini yaache ndooni wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Sponji ya chujio usiioshe kwa maji ya bomba. Ioshe kwa maji ya tangi lenyewe, maana ndani yake kuna bakteria wanaoila ile amonia.

Na umeme ukikatika? Wakubwa humu ndani wanakumbuka giza lililoanza Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Pampu ikizimika, acha kulisha. Teka maji kwa kikombe, yamimine kutoka juu, rudia. Hewa itaingia.

Chakula cha vifaranga: kiini cha yai lililochemshwa, kikamuliwe kwenye kitambaa chepesi, ncha ya kijiko tu, kwani kikizidi kinaozesha maji. Bora zaidi ni mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, yanayouzwa makoponi. Unayatia kwenye maji ya chumvi yenye hewa, baada ya siku moja hivi yanaanguliwa. Bahari tunayo mlangoni, chumvi si tatizo letu.

Nije kwenye la kuchanganya damu. Hili lina kisa chetu sisi wenyewe, na nasikitika kwamba skuli hazilisomeshi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa Kiingereza, Hickling, alikuwa akifanya kazi ya ufugaji wa samaki Malacca, huko Malaya, Malaysia ya leo. Akachukua perege madume waliotoka Zanzibar. Zanzibar hii! Akawachanganya na majike wa perege wa aina nyingine waliokuwa wakifugwa kule, wenye asili ya Msumbiji. Vifaranga wakatoka madume watupu. Akayachapisha hayo mwaka 1960, na wafugaji wa dunia wakashituka, kwa sababu bwawa la madume watupu halijai vifaranga, samaki wanakua wakubwa. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London akampa yule perege wetu jina lake la kitaalamu, hornorum, naye pia yuko Mto Wami upande wa bara.

Mnaona? Aina mbili za siklidi zikikutana ndani ya maji finyu zinaweza kuzaa, na wanaozaliwa si hawa wala si wale. Kwa Hickling ilikuwa faida, kwa sababu alikusudia na akaandika. Kwenu nyinyi mliochanganya mbuna wa kila rangi tangini, hamjui baba ni nani. Basi usiwauze kwa jina la mama yao. Sema wazi: hawa ni machotara. Anayenunua ana haki ya kujua, na anayewauza kwa jina lisilo lao anamdhulumu mnunuzi na anaharibu kizazi cha samaki ambao huko ziwani wengine wamebaki wachache.

La mwisho, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Vifaranga wamekua, tangi limejaa, ufanye nini?

Kuna anayesema: nitawaachia Mto Mwera. Kuna anayesema: nitawatia kwenye bonde la mpunga Cheju, watakula viluwiluwi vya mbu. Na mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia: mwalimu, kumfungulia kiumbe ni thawabu, hukusikia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie?

Nimeisikia, mzee wangu, na naiamini. Paka yule angeachiwa angekula wadudu wa ardhini, kwenye ardhi ileile aliyozaliwa. Kribensi wa Nigeria ukimtia Mwera hujamrudisha kwao. Ama atakufa, ama ataishi. Na akiishi, nani analipa? Tuliona Ziwa Victoria. Sangara alipelekwa kule miaka ya 1950, kwa nia njema kabisa, watu wapate samaki mkubwa. Miaka ya 1980 akaongezeka kupita kiasi, na wale furu niliowataja mwanzo, wataalamu wanakadiria aina zipatazo 200 zilitoweka. Walioumbika kwa miaka 15,000 wameondoka kabla ya mtoto kuoa. Sangara ameleta viwanda na kazi, sikatai, lakini furu wale hawarudi.

Ikiwa ziwa kubwa kama lile liliumia, kijito cha Pemba unachokiruka kwa hatua moja kitafanyaje? Usimwage mtoni. Usimwage kisimani. Usimwage bondeni. Usimwage mtaroni ukidhani mtaro hauendi popote, wakati kila masika unaona unakokwenda.

Hadithi ile inakubana wewe uliyemfungia. Umlishe. Na kama huwezi kuwalisha mia mbili, usiwaache wazazi wazae kila mara: ondoa kifuu, punguza chakula kizito, tenganisha dume na jike. Hayo yako mikononi mwako.

Na waliokwisha zaliwa tugawane. Tumekubaliana na mwalimu mkuu kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Alasiri, mlango wa ukumbi huu utakuwa wazi. Njoo na ndoo yenye mfuniko, maji yasizidi nusu, usiwalishe siku hiyo ili wasichafue njiani. Bandika karatasi: aina gani, mama yupi, baba yupi, chotara au siye, maji ya kisima au ya bomba. Walimu wa sayansi wenye tangi skulini watachagua kwanza, wafugaji wapya wafuate. Wa Pemba, zungumzeni na yule kijana wa Wete; yuko hapa, na safari hii mbuna wake alibeba mpaka mwisho. Ana vifaranga wa kutosha kuanzia.

Karatasi ya majina iko mezani kwangu. Sasa nafungua maswali, na nitaanza na kina mama. Wabillahi tawfiq.